Kipimo cha Pili

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limepunguza ukaidi. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, sasa kila akisema "sisi" anapiga mluzi bila kutaka. Mume wangu yuko palepale, anazibua mabomba ya watu na kunung'unika. Anauliza kama bado unasikia vizuri. Nimemwambia masikio yako yanachagua.

Lililonikalisha niandike ni hili: nimepata kazi! Miezi mitano ya kushona nguo za filamu. Tuna cherehani sita, wasaidizi wawili, na chumba chenye madirisha makubwa hadi natamani kuhamia. Filamu yenyewe ni ya maisha ya yule jambazi, Bwana Taratibu. Nadhani unamkumbuka, maana alikamatiwa huko kwenu miaka arobaini iliyopita. Yule aliyekuwa akiingia benki na koti zuri, bunduki mkononi, akisema, "Taratibu, jamani, taratibu, kila mtu atafika kwake." Huku wanampenda sana. Dereva wetu anasema angekuwa hai angempigia kura.

Sasa, nimepewa nishone lile koti la kijivu alilokamatwa nalo. Tuna picha moja tu ya gazeti, na imefifia. Wewe na marehemu baba mlikuwa na duka la ushonaji mji huohuo. Hivi nani alimshonea? Kola ilikuwaje? Baba hakuwahi kunisimulia habari za huko, ukimuuliza anatafuta mkasi ulio mkononi mwake. Nisaidie wewe.

Cherehani yake ya zamani nimewaazima iwekwe kwenye duka la fundi watakalolijenga. Naona angecheka.

Wako,
Uzi


27 Februari

Uzi wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki tatu, nadhani ilikuja kwa miguu. Kinyozi wa jirani ndiye aliyeniletea kama kawaida, sanduku la posta ni lake na mimi ni mdandiaji tu. Goti linaendelea na ubishi: nikitaka kukaa, lenyewe linataka kusimama. Bati la jikoni limetoboka mahali pawili. Mwambie mumeo nasikia barabara, ni watu ndio hawasemi vitu vya maana. Simu niliyoletewa nimempa jirani, ilikuwa inanipigia kelele bure.

Nimefurahi umepata kazi, tena kazi ya mkono. Baba yako angefurahi zaidi kama mngekuwa mnaigiza maisha ya mtu mwenye adabu zake. Mwizi mpole ni mwizi. Akikuambia samahani huku anakuibia, kakuibia mara mbili, kwanza mali, pili hata ile hasira yako.

Koti lilikuwa na kola nyembamba, vifungo vitatu, bitana ya samawati. Ndivyo nilivyosikia. Nani alilishona, sijui nikuambie nini. Mafundi walikuwa wengi mjini hapa na wengi wamekwisha kufa. Ya kale hayanuki, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kufungua kabati langu.

Nami nina swali langu moja. Yule mlinzi wa benki aliyeuawa, yumo kwenye hiyo filamu? Nijibu hilo kwanza.

Msalimie kibogoyo wangu.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kibogoyo kapokea salamu, kasema "asante" ikatoka na upepo. Mume wangu anasema atakuja kuziba hilo bati likizo ikipatikana. Usimsubiri, tafuta fundi.

Nakujibu swali lako. Mlinzi yumo. Anaonekana mara moja tu, amelala kazini, mdomo wazi, miguu juu ya stuli. Taratibu anampita kwa ncha za vidole na kumfunika kofia usoni. Watu watacheka. Baada ya hapo hatumwoni tena, wala kifo chake hakisemwi.

Lakini aliyeninyima raha ni fundi. Jana nilipewa kurasa zake ili nipange nguo. Wanamwonyesha fundi wa makoti, mtu mwoga, anatetemeka. Siku Taratibu anapokuja kuchukua koti, fundi anasema, "Subiri, nikupime tena." Anampima polepole huku akichungulia dirishani mpaka polisi wanaingia. Kisha anapokea bahasha nene, analamba vidole na kuhesabu. Mwisho mji mzima unamzomea barabarani: "Pima tena! Pima tena!" Mwigizaji wake ni yule wa vichekesho mwenye shingo ndefu, ameniomba nimfundishe kushika futi ya fundi.

Nilikuwa namwonyesha, mkono ukanifia hewani. Nilikumbuka siku moja, nina miaka sita au saba, naenda sokoni na baba. Mtu mmoja aliyeshuka kwenye basi la huko kwenu akapaza sauti, "Pima tena!" Baba alinibana mkono hadi ukauma. Nilidhani ni mteja mwenye deni la nguo. Na unajua, shangazi, baba katika maisha yake yote hakuwahi kumpima mtu mara mbili. Mafundi wenzake walimcheka. Mimi nilidhani ni maringo.

Halafu hivyo vifungo. Umesema vitatu. Kwenye picha ya gazeti vinaonekana viwili, cha tatu kimefunikwa na mkono wa polisi. Uliambiwa na nani?

Sehemu ya duka inapigwa picha mwezi wa sita. Nakuomba uniambie kabla ya hapo. Huyo fundi alikuwa baba yangu?

Uzi


17 Aprili

Uzi,

Barua nimeipata. Goti halijambo. Bati limezibwa na kinyozi, bila malipo.

Ndiyo, koti lilishonwa dukani kwetu.

Waambie waondoe bahasha. Hakukuwa na bahasha. Baba yako hakupokea hata chai ya mtu katika jambo lile. Alikuwa mtu mwema kuliko wote waliomzomea wakijumlishwa pamoja.

Usiniulize zaidi, mwanangu. Mimi ni mzee na barua zinasomwa njiani.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Leo sitaandika habari za meno.

Nilikwenda kwa mwongozaji wa filamu nikamwomba aondoe bahasha, nikamwambia fundi yule ni baba yangu. Alinipa pole nzuri sana. Akaniuliza, basi alisaliti kwa nini? Nikarudi kwenye cherehani yangu. Kwa hiyo unaona ulichoniachia. Nimewathibitishia kwamba ni yeye.

Kisha juzi msimamizi wa vifaa alikuwa anapanga lile duka la kuigiza. Akavuta droo ya cherehani ya baba, ikakwama, akaivuta kwa nguvu zote, ikatoka na daftari lililokuwa limejibana nyuma. Daftari la vipimo, jalada jeusi, lina mafuta ya mashine. Nimelisoma ukurasa kwa ukurasa. Karibu na mwisho kuna mteja hana jina, kaandikiwa "Bw. T., koti la kijivu". Bega 18 na nusu, kifua 42, mkono 25. Mwandiko wa baba, ule wa kuchoma karatasi.

Chini yake, tarehe ya wiki mbili baadaye, kuna kipimo cha pili. Bega 17, mkono 27. Mtu gani mabega yanasinyaa na mikono inarefuka ndani ya wiki mbili, shangazi? Hivyo si vipimo. Huyo mpimaji alikuwa anapoteza muda tu.

Na namba saba za baba zilikuwa wima, hazina kitu. Hizi zina mkanda kiunoni. Nikafungua mkoba wangu, nikatoa barua zako mbili, ya tarehe 27 na ya tarehe 17, nikazilaza kando ya daftari. Saba zako nazo zimefungwa mkanda uleule.

Baba alikufa watu wa huko wakimwita msaliti, na wewe ulijua. Hata kumzika hukuja. Ulisema goti. Nilikutetea kwa mama siku ile, nikasema shangazi ni mgonjwa.

Niandikie. Zimebaki wiki sita.

Uzi


27 Mei

Mwanangu,

Umenikamata. Zimepita kofia za polisi ngapi mlangoni kwangu, nimekuja kukamatwa na namba saba. Kosa ni la mazoea. Baba yetu alitufundisha kwamba kipimo kisichoandikwa hakikupimwa, basi hata siku ile ninapima uongo, nilichukua kalamu nikauandika.

Nitakueleza, nawe usinikatize.

Mlinzi wa benki alikuwa mteja wetu. Alipewa sare mpya mbili, zote ndefu, maana ofisi hudhani walinzi wote ni warefu. Suruali moja akatuachia tuipunguze. Ya pili aliivaa kwenda nayo kazini, nami nilimkunjia pindo palepale dukani, nikalishika kwa pini nne, mbili kila mguu. Akasema, "Dada, nikichomwa nitapiga kelele, wezi wakimbie." Tulicheka. Alikuwa afuate ile nyingine siku ya Ijumaa. Jumatano Taratibu akaingia benki. Mlinzi hakuwa amelala, Uzi. Alikuwa amesimama mlangoni akasema hapiti mtu. Akapigwa risasi. Alizikwa, na gazeti likaandika ukurasa mzima kuhusu koti la Taratibu na mstari mmoja kuhusu yeye. Suruali yake ikabaki kwenye msumari wetu ukutani, na kikaratasi cha namba.

Taratibu naye alikuwa mteja, tena mteja mzuri, nisiseme uongo. Aliinunulia zahanati vitanda, alisalimia wazee kwa mikono miwili. Kila mtu alijua anafanya kazi gani na kila mtu alifungua kinywa kutabasamu, mimi nikiwamo. Wiki moja baada ya mazishi akaja kuchukua koti lake jipya. Akavua la zamani, akatafuta pa kulitundika, akalitundika kwenye msumari uleule, juu ya suruali ya yule mtu. Kisha akasema, "Ala, samahani, nisije nikakunja nguo ya mtu," akaipangusa kwa kiganja, akainyoosha vizuri.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka.

Nikamwambia kaka nakwenda kununua uzi. Nikaenda kituoni. Nikarudi na uzi kweli, niliogopa kurudi mikono mitupu. Polisi wakachelewa, na yeye ameshavaa koti, anataka kuondoka. Nikasema bega limekaa vibaya, subiri, nikupime tena. Nikamvua mkono mmoja. Nikapima, nikaandika. Baba yako alinitazama kutoka kwenye cherehani, maana yeye ndiye aliyelipima lile bega na alijua halina kosa. Akaendelea kukanyaga mashine bila nguo chini ya sindano.

Walipoingia, Taratibu alifungwa pingu mkono mmoja ndani ya koti, mmoja nje. Unajua alimtazama nani? Kaka yangu. Akamtikisia kichwa. Hata jambazi hakudhani mwanamke anaweza bila kutumwa na kaka yake.

Jioni watu wakajaa mlangoni. Nilisogea niseme. Kaka akanizuia kwa mkono, akawaambia, "Fundi hapa ni mimi. Kipimo kikikosewa, nimekosea mimi." Nikanyamaza. Ndani akaniambia, "Una miaka ishirini na miwili, watakumaliza. Mimi nitahama." Nikanyamaza tena. Nilijiambia nitasema mwaka ujao, mambo yakipoa. Yakapoa, nikaona kwa nini niyapashe moto. Ndivyo miaka inavyoliwa.

Mazishi sikukosa kwa sababu ya goti. Goti lilianza mwaka uliofuata. Ningepokeaje pole za watu, mimi niliyemuuza kaka yangu kwa kufunga mdomo tu?

Na huyu kinyozi anayeniletea barua zako ni mtoto wa yule mlinzi. Alikuwa na miezi minane. Huyu peke yake mjini hapa hakuwahi kutamka "pima tena". Suruali ya baba yake ninayo kabatini hadi leo. Nimeshindwa kumpa, maana atauliza.

Waambie ni mimi. Wakihitaji jina, waandike. Na ukiwa na la kunitukana, tukana. Ni haki yako.

Shangazi yako


22 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Tumepokea barua. Niliisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimekumbatia makoti ya watu nalia.

Nilimpelekea mwongozaji barua na daftari. Alisoma yote, akanywa chai yake hadi chini, akasema, "Mama, hii ni hadithi nzuri. Lakini watu wanaijua ile nyingine." Nikamwambia wanaijua kwa sababu nyie ndio mnawaambia. Akasema kumwingiza mwanamke sasa kutawachanganya watazamaji, na mwenye shingo ndefu ameshajifunza maneno yake. Nikaomba basi aondoe hata bahasha. "Bila bahasha atasaliti kwa ajili ya nini?" Nikasema, kwa ajili ya suruali. Alidhani natania.

Wamepiga picha juzi. Bahasha imo. Vidole vimelambwa. Nimeshindwa, shangazi, nisamehe.

Nilitaka kuacha kazi. Nilifika mpaka getini na mkoba begani. Kisha nikarudi, kwa sababu kulikuwa na nguo moja sijaimaliza. Wakileta filamu huko kwenu, nakuomba uende. Watakapofika kwa mlinzi, wote wakicheka, wewe usigeuze uso. Itazame miguu.

Daftari sikuwaachia. Nakutumia ndani ya hii bahasha, maana ni la duka na mwenye duka aliyebaki ni wewe. Kama nimekusamehe, sijui bado. Kukuelewa nimekuelewa. Hilo jingine litafika kwa miguu, kama barua zako.

Uzi


7 Novemba

Uzi, mwanangu,

Hujambo? Mumeo hajambo? Meno ya mjukuu wangu yameota? Niambie kama yameota yamenyooka au yamefuata ukoo wetu. Mimi mzima.

Filamu imekuja. Wameionyesha ukumbi wa shule Jumamosi, saa tisa mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jua linachungulia pembeni. Nilikwenda na fimbo yangu, nikakaa safu ya tatu. Kinyozi alikaa nyuma yangu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wamekalia madawati ya chekechea, magoti yako masikioni.

Koti umelishona vizuri. Bega limekaa. Hilo nimetaka liandikwe kabla ya mengine.

Kisha akaja mlinzi, amelala, mdomo wazi, na watu wakaangua kicheko. Nami nikafanya ulivyoniambia. Miguu iko juu ya stuli, mikubwa kama mlango, na kwenye pindo la suruali kuna pini nne, mbili kila mguu, zinang'aa. Jamani, Uzi! Nilisikia kinyozi nyuma yangu anaacha kupumua. Mama yake alikuwa akimsimulia kwamba baba yake aliletwa nyumbani na pini kwenye suruali, na hakuna aliyejua ni za nini.

Walipofika dukani, yule mwenye shingo akasema, "Subiri, nikupime tena." Ukumbi mzima ukamalizia naye kwa sauti moja, kama wimbo wa shule. Wakapiga makofi, wakazomea. Nikasimama. Goti halikubisha hata kidogo. Watu wa nyuma wakasema, "Bibi, keti, tunaona kichwa chako." Nikasema, "Ndicho mnachotakiwa kukiona. Si yeye. Ni mimi. Kaka yangu hakumpima mtu mara ya pili. Nilimpima mimi, na nilikwenda kituoni kwa miguu yangu, na sikulipwa hata senti. Yeye alinyamaza ili mumzomee yeye badala yangu, na mimi nikamwacha. Sasa nizomeeni mimi, nipo."

Hakuna aliyezomea. Mtu mmoja akasema niketi, nimechanganyikiwa na uzee. Nikatoa daftari kwenye mkoba nikampa asome. Filamu iliendelea peke yake, nadhani yule wa bahasha alihesabu zake hakuna aliyemtazama. Wengine waliondoka bila kuniaga. Muuza mkaa tangu siku ile hanisalimii. Nilistahili hilo tangu zamani, na nashangaa jinsi lilivyo jepesi kubeba.

Mwezi ujao nitakuja. Nimeshaweka nafasi kwenye basi la asubuhi. Utanionyesha alipolala, kisha utaniacha naye kidogo, nina maneno naye.

Lakini la mwisho nikuambie. Jumapili asubuhi kinyozi alibisha hodi. Hakuwa na barua. Alisimama tu, anaitazama kofia yake. Nikaenda kabatini, nikamletea suruali ya baba yake, na kikaratasi chake cha namba. Akaniuliza kama anaweza kuivaa. Urefu ulimfaa, lakini kiuno kiligoma, maana sasa ni mtu mzima kuliko baba yake alivyowahi kuwa. Nikasema kiuno kinapanuliwa, kitambaa cha akiba nilikiacha ndani.

Nikachukua futi. Nikampima, nikaandika kwenye daftari, ukurasa mpya. Kisha nikamwambia, "Subiri, nikupime tena." Akacheka, machozi yanamtoka, akainua mikono.

Shangazi yako